Nilijitoa pensheni kwa kuogopa riba. Sasa nasikia habari za mifuko ya indeksi

Assalamu alaikum Bi Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nina miaka 37, naendesha basi hapa Leicester, nina mke na watoto wawili. Mshahara wangu ni kama pauni 30,000 kwa mwaka kabla ya makato. Si mkubwa, si wa kulia nao.

Tangu nianze kazi hii sijawahi kuchangia pensheni. Wazee msikitini walinieleza kwamba zile pesa huwekwa kwenye mabenki na bondi, yaani hukopeshwa serikali na makampuni, kwa hivyo ni riba. Nikajaza fomu ya kujitoa. Baada ya kama miaka mitatu ofisi ikaniingiza tena bila kuniuliza, nikajaza tena. Nilichonacho ni pauni 14,000 kwenye akaunti isiyo na riba, pesa nilizojinyima kwa ajili ya nyumba ya Mtwapa. Nyumba yenyewe imefika kwenye linta. Kakangu ndiye msimamizi. Nikituma, ukuta unapanda mistari miwili, kisha nasikia saruji imepanda bei, au fundi amehamia kazi nyingine.

Juzi kijana mmoja tunayefanya naye kazi akanionyesha kwenye simu yake kitu anachokiita mfuko wa indeksi. Anaweka pauni 100 kila mwezi, na anasema zinanunua vipande vya makampuni mamia kwa mpigo mmoja. Nikakesha kusoma. Nimeona watu wakitaja asilimia 10 kwa mwaka. Nikapiga hesabu: hizi 14,000 zangu, miaka 30, kwa asilimia 10, zinakaribia pauni 244,000. Usingizi ukaniruka.

Mke wangu hataki kusikia. Asema hisa ni kamari iliyovaa suti, na nyumba haikimbii. Na kweli babake alipoteza pesa kwenye hisa zamani, kwa hivyo simlaumu. Shemeji yangu naye, kakake huyohuyo mke wangu, ana kundi la WhatsApp la biashara ya fedha za kigeni, na mwalimu wao anaahidi asilimia 8 kwa mwezi. Ananiambia indeksi ni ya wavivu.

Na usisahau mamangu. Namtumia pauni 150 kila mwezi, na akiugua ni zaidi.

Maswali yangu ni haya. Hii mifuko ya indeksi ni halali au si halali? Niziingize zote 14,000 au nimalize nyumba kwanza? Na kwa umri wangu, nimeshachelewa?

Dereva, Leicester


Wa alaikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Umeniuliza habari ya pauni 14,000, nami nitazifikia. Lakini kilichonishtua kwenye barua yako si hizo. Ni ile fomu uliyoijaza mara mbili.

Tangu Oktoba 2012 sheria ya hapa Uingereza inamlazimu mwajiri kumwandikisha mfanyakazi kwenye pensheni, mradi ana miaka 22 au zaidi, hajafika umri wa pensheni ya serikali, na anapata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Ulazimishaji ulianza na makampuni makubwa, ukashuka hadi kwa yule mwenye duka na mfanyakazi mmoja. Kiwango cha chini ni asilimia 8, inayohesabiwa kwenye sehemu ya mshahara iliyo kati ya pauni 6,240 na 50,270. Kwa mshahara wako sehemu hiyo ni pauni 23,760. Mwajiri hutoa asilimia 3, wewe 4, na 1 inayobaki ni nafuu ya kodi. Tuishushe kwa mwezi: mfukoni mwako zingetoka pauni 79 na peni 20, serikali ingeongeza pauni 19 na peni 80, mwajiri pauni 59 na peni 40. Jumla pauni 158 na peni 40. Yaani kabla hakijanunuliwa kipande cha hisa hata kimoja, pesa yako imeshakuwa maradufu. Hakuna mfuko wa indeksi duniani utakaokufanyia hivyo, na hakuna mwalimu wa WhatsApp atakayekufanyia bila ya wewe kulia mwishoni.

Zile pauni 59 za mwajiri ni ujira wako. Kila mwezi uliojitoa, umemwachia.

Wazee wa msikitini sitawabeza, kwa sababu hawakusema uongo. Mfuko ambao mfanyakazi hutiwa asipochagua chochote huwa na bondi za serikali, bondi za makampuni, na hisa za mabenki ndani yake. Mtu anayekimbia riba ana haki ya kuukimbia. Walichokosa kukwambia ni kwamba mfuko huo si wa lazima. Pensheni nyingi za kazini hapa zina orodha ya mifuko ya kuchagua, na ndani ya orodha hiyo mara nyingi mmoja ni wa Kisharia. Nest, ile pensheni iliyoanzishwa na serikali kwa ajili ya mpango huu, inao. Makampuni makubwa ya pensheni mengi pia yanao, na aghalabu wanatumia mfuko uleule wa HSBC unaofuata indeksi iitwayo Dow Jones Islamic Market Titans 100. Haukutafuti lakini. Usipouomba, unabaki ulikotiwa.

Sasa tuje kwenye swali lako la kwanza, na hapa inabidi nieleze indeksi ni nini, maana barua yako inaitaja kama vile ni kampuni fulani inayotoa asilimia 10. Indeksi ni orodha tu. Mtu ameketi akasema: haya ndiyo makampuni 500 makubwa ya Marekani, na kila moja naipa uzito kulingana na thamani yake sokoni. Hiyo ndiyo S&P 500. Mfuko wa indeksi unanunua kila kilicho kwenye orodha kwa uzito uleule, kisha unakaa. Hakuna bingwa anayebashiri kampuni gani itapanda. Kampuni ikikua inaongezeka uzito yenyewe, ikidhoofika inapungua hadi inaondolewa.

Mmarekani John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya Vanguard, alipouleta mfuko wa namna hii kwa wananchi wa kawaida mwaka 1976, alitarajia kukusanya dola milioni 150. Akapata milioni 11.3. Wenzake wa Wall Street wakaubatiza mfuko huo upumbavu wa Bogle, kwa hoja kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayetaka matokeo ya wastani. Hoja yake yeye ilikuwa ya kihasibu, na ndiyo maana naipenda. Wawekezaji wote ukiwajumlisha ndio soko lenyewe. Kwa hivyo wakijumlishwa hawawezi kulishinda soko. Watapata kile soko lilichotoa, ukitoa gharama wanazolipa. Anayelipa gharama ndogo atakuwa mbele ya wengi, si kwa werevu bali kwa kutolipa. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliweka dau juu ya hoja hiyo kuanzia 2008 hadi mwisho wa 2017: mfuko mmoja wa S&P 500 upande wake, na upande wa pili mikusanyiko mitano ya mifuko ya mabingwa wa ada kubwa. Katika miaka hiyo kumi, ambayo ilianza na mwaka mbaya kuliko yote, wake ulikua kwa asilimia 8.5 kwa mwaka na wao wastani wa kama 3.

Shemeji yako asema ni njia ya wavivu. Ni kweli.

Halali je? Mimi ni mhasibu, si mwanazuoni, na fatwa sitoi. Nitakwambia wanavyotofautiana ili ukamuulize shekhe wako swali lililonyooka. Indeksi za Kiislamu huchuja mara mbili. Kwanza wanatoa biashara zenyewe: mabenki ya riba, bima za kawaida, pombe, nguruwe, kamari, tumbaku, silaha na burudani chafu. Pili wanaangalia vitabu vya kampuni iliyobaki, kwa sababu kampuni inayouza dawa au simu nayo hukopa benki na huweka pesa benki. Dow Jones, watungaji wa ile indeksi ya Titans, wanataka deni lisifike asilimia 33 ya thamani ya kampuni sokoni, wastani wa miezi 24. MSCI, watungaji wengine wa indeksi ambao nao wana ya Kiislamu, hawagawi kwa thamani ya sokoni bali kwa mali iliyo kwenye vitabu, na ndiyo sababu kampuni moja inaweza kukubaliwa huku na kukataliwa kule. Kisha kuna ile pato kidogo isiyo safi inayobaki, ambayo huhesabiwa na kutolewa sadaka. Mifuko mingine hulitoa yenyewe, mingine hukuachia wewe. Soma hati ya mfuko, limeandikwa.

Hizo asilimia zilitoka wapi? Kwenye ijtihadi, yaani rai za wanazuoni. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, inaruhusu hisa za namna hii kwa masharti: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni, na pato la haramu lisizidi 5. Lakini Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilikuwa kali zaidi. Lilisema asili ni kutoruhusiwa kununua hisa za kampuni ambayo wakati mwingine huingia kwenye riba, hata kama biashara yake yenyewe ni ya halali. Kwa hivyo ukimkuta shekhe anayekataa, hakuzua. Na ukimkuta anayekubali, naye ana wa kumtegemea. Ninachokuomba ni usimuulize "hisa ni halali?" kwa jumla. Mpelekee hati ya mfuko wa Kisharia wa pensheni yako, muonyeshe vichujio, umuulize juu ya huo. Muulize pia juu ya mchango wa mwajiri, maana kuna wanaoona hata aliye na shaka asiuache. Na muulize zaka inahesabiwaje kwenye pesa ambazo huwezi kuzigusa kwa miaka ishirini, kwa sababu hapo pia kuna kauli zaidi ya moja.

Akikukubalia, andika kwa mwajiri kwamba unataka kurudi kwenye pensheni. Barua pepe yatosha. Mwajiri hana ruhusa ya kukataa, ingawa halazimiki kukupokea zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, basi usiingie na kutoka kama mlango wa duka. Ukishapata namba yako ya uanachama, ingia kwenye akaunti na uhamishe kila kitu, ya sasa na michango ijayo, kwenye mfuko wa Kisharia. Watu wengi husahau hiyo ya pili: wanahamisha salio, halafu mchango wa mwezi ujao unaingia kulekule kwa zamani.

Kuna jambo kuhusu mfuko huo wa Titans ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Makampuni ni 100 tu. Ukishatoa mabenki na makampuni yenye madeni makubwa, yanayobaki mazito ni ya teknolojia: Microsoft, Apple, Nvidia na jamaa zao. Miaka ya karibuni hilo limewanufaisha sana wenye mfuko. Lakini mimi nakumbuka soko la Nasdaq la Marekani, lenye makampuni mengi ya teknolojia, lilivyokuwa. Kuanzia Machi 2000 hadi Oktoba 2002 lilipoteza karibu asilimia 78, na halikukirudia kilele chake hadi 2015. Miaka kumi na mitano, mwanangu. Aliyekuwa akinunua kidogo kidogo kila mwezi aliokoka vizuri, kwa sababu alinunua sana wakati wa bei za chini. Aliyetia fungu lake lote Machi 2000 alizeeka akisubiri.

Hapo ndipo nakutana na mke wako, na namheshimu zaidi ya shemeji yako. Hisa si kamari. Ukimiliki hisa unamiliki sehemu ya kampuni yenye wafanyakazi, bidhaa na faida, na faida hiyo ni yako kwa sehemu yako. Lakini anachokihofia kipo. Mwaka 2008 S&P 500 ilipoteza asilimia 37, hata ukihesabu gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Mwanzoni mwa 2020 ilianguka kwa theluthi moja ndani ya wiki tano, na ifikapo Agosti ilikuwa imerudi. Hakuna aliyejua Machi kwamba Agosti itakuwa hivyo. Na Japani, soko la Tokyo lilifika kilele mwisho wa Desemba 1989 na halikukivuka tena mpaka Februari 2024. Mjapani aliyeweka zote nyumbani kwao alingoja miaka 34. Kwa hiyo muulize mke wako, kwa upole: babake alikuwa na hisa za makampuni mangapi, na aliziuza lini? Sitashangaa ukisikia ni kampuni moja au mbili, na ziliuzwa siku ya hofu au siku ya ada za shule. Wengi huumia hivyo, kuliko wanaoumia kwa kuchagua mfuko mbaya.

Ile asilimia 10 uliyoikesha kusoma ni wastani wa hisa za Marekani kwa karibu miaka mia moja, kwa dola, kabla ya kutoa mfumko wa bei. Ni historia ya nchi iliyoshinda karne nzima. Mimi nikipiga hesabu ya familia natumia 5, na sioni haya. Kwa 5, zile 14,000 katika miaka 30 ni kama pauni 60,500, si 244,000. Naona uso wako. Lakini hebu tazama upande wa pili: zile pauni 158 na peni 40 za kila mwezi, kwa asilimia hiyohiyo 5 na miaka hiyohiyo 30, zinafika kama pauni 131,800. Kati ya hizo, zilizotoka mfukoni mwako hazifiki 29,000. Mfuko wako ukikutoza asilimia moja zaidi kwa mwaka, yaani ubaki na 4, unashuka hadi kama 110,000. Pauni 22,000 zimeliwa na namba ambayo kwenye karatasi inaonekana kama makombo. Mifuko ya Kisharia kwa kawaida ni ghali kidogo kuliko ile ya kawaida. Ghali kidogo nakubali, ghali sana uliza kwa nini.

Kwa hivyo swali la kuchelewa limejijibu. Una miaka 37. Hujachelewa, ila kila mwaka unaoongeza hapo ni mchango wa mwajiri usiorudi.

Pauni 14,000 sasa. Jibu langu halitakufurahisha: usiingize hata moja kwenye hisa leo. Si kwa sababu ya soko. Ni kwa sababu pesa hizo tayari zina kazi, na pesa yenye kazi ndani ya miaka mitatu minne haiendi mahali panapoweza kuanguka theluthi moja kwa wiki tano. Mama akilazwa hospitalini Mombasa mwezi ambao soko limeanguka, utauza kwa hasara, na mke wako atakuwa sahihi milele.

Tenga kwanza dharura: matumizi yenu ya miezi mitatu, na juu yake fungu la mama, lenye jina lake, uache kulichota kwenye pesa za nyumba kila anapoumwa. Nakisia hapo zimeshaondoka 6,000 au 7,000. Hizi zikae kwenye akaunti yako isiyo na riba, au kwenye benki ya Kiislamu ya hapa inayotoa faida inayotarajiwa badala ya riba. Kukaa bila chochote nako kuna gharama. Oktoba 2022 mfumko wa bei hapa ulifika asilimia 11.1, na pesa iliyolala iliyeyuka hivihivi bila mtu kuiiba.

Zinazobaki ni za Mtwapa, lakini si kwa mtindo huu wa mistari miwili miwili. Kabla ya jiwe lingine, nataka kujua jambo moja ambalo hukulitaja kabisa: hatimiliki iko kwa jina la nani? Wewe mtoto wa Kisauni hujahitaji kufundishwa nyumba bila ardhi ni nini, mtu anamiliki kuta na mwenye kiwanja ni mwingine. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya Kilifi, kwa wakili, si kwa kakako. Kisha mwambie mkadiriaji majengo akupe makadirio ya kumaliza kutoka linta hadi mlango wa mwisho, vifaa na ufundi, kwa maandishi. Nunua vifaa kwa hatua, mlipe muuza vifaa moja kwa moja, na ufundi ulipwe kazi ikiisha na picha zikifika. Kakako simtuhumu. Msimamizi asiye na karatasi humaliza pesa hata akiwa mwaminifu, kwa sababu kila mtu anamjia na shida na yeye ndiye anayeonekana ana pesa.

Ikiwa makadirio yanaonyesha nyumba yahitaji pauni 25,000 zaidi, afadhali ujue sasa. Mnaweza kuamua isimame kwenye linta miaka miwili huku mkikusanya, au mpaue vyumba viwili mpangishe. Sina neno na nyumba. Mapato yako ni ya pauni, uzee wako huenda ukawa wa shilingi, na kuwa na paa lako Mtwapa ni jambo la akili. Ila nyumba moja mtaa mmoja, nchi moja, ni mali iliyokaa mahali pamoja. Shilingi yenyewe umeiona: dola ilikuwa chini ya shilingi 90 mwaka 2014, ikafika kama 160 Januari 2024, na kabla mwaka haujaisha ikarudi karibu 130. Pensheni yenye makampuni ya dunia nzima na nyumba ya Pwani zinashikana mkono vizuri. Hamlazimiki kuchagua, wewe na mke wako, na nadhani ugomvi wenu umetokana na kudhani mnalazimika.

Baadaye, nyumba ikitulia na mkiona mwezi unaisha na pauni 50 au 100 zimebaki, fungua ISA ya hisa, akaunti ya hapa ya kuwekeza. Inaruhusu hadi pauni 20,000 kwa mwaka, faida yake haitozwi kodi ya hapa, na tofauti na pensheni unaweza kuzitoa wakati wowote. Humo tafuta mfuko wa indeksi ya Kiislamu ulio mpana kuliko ule wa makampuni 100. Iko inayofuata indeksi ya MSCI World Islamic. Pensheni nayo, ujue tangu leo, imefungwa: umri wa chini wa kuigusa ni 55, na kuanzia 6 Aprili 2028 utakuwa 57. Mtu yeyote akikwambia anaweza kukutolea mapema, mkatie simu. Ukiamua kurudi Mombasa kabla ya hapo, pesa zinabaki kwa jina lako na utazidai kutoka hukohuko.

Shemeji. Asilimia 8 kwa mwezi, ikijikusanya, ni zaidi ya 150 kwa mwaka. Mwenye uwezo huo hahitaji pauni 500 za dereva wa basi, angekopa benki na kununua mji. Mtafute huyo mwalimu kwenye rejista ya FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia biashara za fedha. Ni bure, dakika mbili. Na kwa kuwa wewe umeacha pensheni kwa kuikimbia riba, jua hili: biashara ile hufanywa kwa mkopo wa dalali, na anayeacha biashara yake wazi usiku kucha kwa kawaida hutozwa au hulipwa riba ya usiku huo. Akaunti zinazojiita za Kiislamu huiondoa kwa jina, halafu nyingi hurudisha ada mahali pake.

La mwisho, utakapoingia kwenye akaunti ya pensheni kubadilisha mfuko, kuna ukurasa wa kutaja nani apewe ukifariki. Ujaze siku hiyohiyo. Usipojaza, kwa kawaida wasimamizi wa mfuko wataamua wenyewe, na hawajui mirathi ya Kiislamu wala hawamjui mamako wa Kisauni. Andika mgao wenyewe, mke, watoto na mama, na umuulize shekhe huyohuyo mafungu yakoje. Nakala moja mpe mke wako.